Uhakiki Niliosoma Mbele ya Mama

Sijui ni nani aliyewaambia watu wa Nakuru kwamba mhakiki ni aina ya mchungaji. Tangu tuitwe jiji tumejifunza kuzindua vitabu, na hilo ni jambo jema, silipingi. Ukumbi unakodiwa, viti vinavishwa vitambaa vyeupe na utepe mgongoni, mtu wa spika anajaribu maikrofoni mpaka masikio yanauma. Mchungaji anaombea kitabu. Kisha anaitwa mhakiki, naye anatarajiwa kukiombea mara ya pili kwa maneno ya kisomi. Ataje mandhari, ataje dhamira mbili tatu, aseme lugha ni tamu na kitabu kingefaa kusomwa shuleni, halafu aketi ili watu wanunue. Ukithubutu kusema sura fulani imelegea, watu wazima wenye akili zao watakuuliza una kinyongo gani na mwandishi.

Mimi ni mwalimu wa fasihi katika chuo kimoja hapa mjini, na ugonjwa huu naujua mizizi yake. Wanafunzi wananijia wakiwa wameshaharibiwa. Huko shule ya upili walisoma mwongozo wa riwaya kabla ya riwaya, wengine badala ya riwaya, na wakafunzwa kwamba kuhakiki ni kujaza kapu: maudhui humu, wahusika humu, tamathali za usemi humu, funga kamba, peleka. Ukimuuliza mmoja wao, "Lakini kitabu hiki kinasema kweli?" anakutazama kama mtu uliyemwomba akuvulie viatu. Kweli haimo kwenye mwongozo.

Kwa hiyo huwa naanza nao upya, na jambo la kwanza ninalowaambia kila mwaka ni hili: mhusika si mtu. Hana kitambulisho, hana kijiji, hana mama mzazi. Usimtafute mtaani. Ukimaliza kusoma usimpigie mwandishi simu kumuuliza kama huyu ni shangazi yake. Soma kilichoandikwa. Nimelisema hilo mara nyingi na kwa ukali mwingi, na watu wengi wamenisikia, akiwemo ndugu yangu mdogo.

Ndugu yangu ni afisa wa kilimo huko Kabazi. Anazunguka kwa pikipiki akiwaeleza wakulima habari za viwavi na mbolea, na wakulima wanampenda. Kwamba alikuwa akiandika riwaya tulijua sote nyumbani, lakini hakuonyesha mtu. Alipomaliza aliichapisha mwenyewe, akaunda kamati ya uzinduzi kwenye simu, ikajaa binamu, majirani na watu wa kwaya, na kamati ikapitisha kwa kauli moja kwamba mhakiki niwe mimi. Nilipouliza kwa nini wasitafute mtu wa nje, binamu mmoja aliandika, "Wewe ni mtu wa nyumbani, hutatuaibisha." Watu kumi na kitu wakaweka vidole gumba chini ya ujumbe huo.

Alikuja kunipa nakala yangu nyumbani kwangu mtaa wa Section 58. Alikuwa ameifunga kwa karatasi ya zawadi. Alikunywa chai akiwa amesimama, akasema ana mkutano na wakulima Subukia, akaondoka. Baadaye ndipo niliposhangaa kwamba mtu aliyeandika kitabu kwa miaka yote hiyo hakutaka hata kuniona nikifungua ukurasa wa kwanza.

Riwaya yenyewe imeandikwa na mtu anayejua kuandika. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ingekuwa mbovu ningeirusha kando nikaendelea na maisha yangu. Ukungu wa Olenguruone, kule juu tulikozaliwa, umo, ule unaoingia mpaka chini ya kitanda. Soko limo, na akina mama wenye magunia ya viazi wakibishana na madalali. Kuna mtoto anayesimulia hadithi, anayependa kusoma kuliko kuchunga. Kuna baba, mzee wa kanisa, mpole, asiyesema mengi. Na kuna mama. Mama huyu anamkuta mtoto amejificha ghalani na vitabu vya kuazima shuleni huku ng'ombe wameingia kwenye kabeji za jirani, anavichukua vitabu, anaingia navyo jikoni na kuvitupa motoni kimoja kimoja, akicheka. Baba amesimama nje kwenye mvua. Baadaye ndiye anayempangusa mtoto machozi.

Niliuweka mkono wangu juu ya ukurasa huo nikajisikia mwili mzima unawaka. Kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikichambua maharagwe jikoni kwetu, nyumba ya mbao iliyoezekwa mabati, mawe matatu, sufuria ya githeri. Ghalani alikuwa ndugu yangu, kabeji zilikuwa za jirani, ng'ombe walikuwa wetu. Lakini aliyeingia na vitabu, ndugu yangu akimfuata nyuma, alikuwa baba, na aliyevitupa motoni alikuwa baba, kwa mkupuo mmoja, bila kucheka na bila kusema neno. Mama aliingiza mkono. Hakutafuta kijiti wala koleo. Aliingiza mkono wake wa kulia kwenye moto wa kuni akavitoa viwili, akavizima kwa leso yake, na kimoja kikateketea. Kiganja kilibabuka, na sehemu ya ndani ya kifundo. Baba alitoka nje. Jumapili iliyofuata, yeye akiwa mzee wa kanisa, aliongoza maombi ili mkono wa mama uliounguzwa, alisema, na maziwa upone haraka, nasi watoto wake tukaitikia amina.

Hiyo ndiyo hasira niliyompigia nayo simu ndugu yangu.

"Umemfanya nini mama?" nilimuuliza.

"Sista, tulia kwanza. Hiyo ni fiction."

"Usiniambie ni fiction. Ulikuwepo na mimi nilikuwepo."

"Si wewe ndio hufundisha watu mhusika si mtu? Ama hiyo ni ya darasani tu?"

Alinikamata hapo, na alijua amenikamata. Nilimuuliza kwa nini hakumweka baba mahali pake. Kama ni hadithi, baba pia si angekuwa mhusika tu?

"Baba ameshakufa," alisema. "Na unajua vile watu wa kwetu wanamheshimu. Niandike mzee wa kanisa alichoma vitabu, nani atakuja kwa launch? Hata mchungaji hangekuja."

"Na mama?"

"Mum hana shida na hiyo."

"Umejuaje hana shida?"

"Nimekwambia hana shida. Na hata hivyo, si ati atasoma."

Nilikata simu. Mama anasoma Biblia ya lugha ya nyumbani kwa miwani yake, polepole, akifuata mstari kwa kidole. Riwaya ya Kiswahili haijawahi kuingia mikononi mwake. Ndugu yangu alikuwa amepima hali ya wazazi wake wawili, mmoja hawezi kujibu kwa sababu amekufa na mwingine hatajibu kwa sababu hatasoma, akaamua kwamba wa pili ndiye rahisi. Kwa hesabu hiyo ningempiga kofi kama angekuwa karibu.

Rasimu yangu ya kwanza ya uhakiki niliiandika nikiwa katika hali hiyo. Ilikuwa kesi ya polisi. Ilianza kwa "mwandishi anajua fika" na ikaendelea hivyo hivyo, ikitaja kijiji, moto, maombi ya kanisani na amina yetu. Nilipoisoma tena niliona ina ukweli mwingi na haina uhakiki hata mstari mmoja. Mtu yeyote angeweza kuiandika bila kukifungua kitabu. Niliichana.

Ya pili ilikuwa ya kinadharia. Niliamua kuutazama utunzi huu kwa jicho la kijinsia: mwanamke anabebeshwa ukatili ili mwanamume abaki safi. Hilo nalo lilikuwa kweli, na lingepigiwa makofi mahali pengine, lakini nilijua nitakachojibiwa ukumbini. Wangesema mwalimu amekuja na mambo yake ya chuo. Zaidi ya hapo, nadharia ilinipa mama yeyote, na mimi nilikuwa nikimtaka huyu. Nikaichana pia, nikatoka nje kuanua nguo maana mvua ilikuwa imeanza kumwagika kutoka upande wa Menengai.

Nikiwa naanua nguo ndipo nilipokumbuka kwamba kuna jambo huwa nawaambia wanafunzi kuhusu kitabu kinachosema uongo. Nawaambia mwandishi akidanganya, mara nyingi kitabu chake hakijui kudanganya naye. Atasahau kitu. Rudi ukitafute.

Nilirudi, nikasoma riwaya nzima upya, na penseli. Safari hii sikumsoma ndugu yangu. Nilisoma kurasa. Na hasira yangu, ambayo ilikuwa imetapakaa kila mahali, ikapata kazi ya kufanya.

Kwanza niliona kwamba mama katika kitabu kile hazungumzi. Jirani anazungumza, dalali wa viazi anazungumza, baba mpole anayesemekana hana maneno anapewa hotuba nzima karibu na mwisho. Mama hana sentensi hata moja iliyo yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Anacheka tu, mara moja, jikoni. Kisha nikaona kwamba mtoto akienda shule ya bweni anabeba sandukuni kitabu kilichoungua pembe, anachokipenda kuliko vyote. Mwandishi alikipenda mno kitabu hicho hata akashindwa kukiacha nje ya riwaya, na hajatueleza kilitokaje motoni. Na karibu na mwisho, msimulizi akiwa mtu mzima, anaushika mkono wa mama na kulieleza kovu lake: liko kiganjani, linapanda sehemu ya ndani ya kifundo. Anasema ni ukumbusho wa siku mama alipochoma vitabu. Lakini mtu anayetupa kitu motoni anakiachilia. Moto haumbabui ndani ya kiganja. Anayebabuka hapo ni yule anayekwenda kushika.

Niliandika uhakiki huo bila kutaja Olenguruone, bila kutaja familia, bila neno lolote ambalo mgeni asingeweza kulipata kwa kusoma kitabu chenyewe kwa makini. Nilimsifu mwandishi mahali alipostahili, na si haba. Halafu nikasema msimulizi wake haaminiki, na nikaonyesha kurasa.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Mabasi madogo yalikuwa yamewaleta watu kutoka nyumbani, wakiwa na masweta mazito ya kule juu ambayo Nakuru yaliwatoa jasho. Mama aliketi mstari wa mbele kwenye kiti cha heshima, na kitambaa kipya kichwani. Aliitwa mbele kukata utepe uliofunga rundo la vitabu, kwa sababu huku kwetu kitabu hakizinduliwi mpaka mzazi akiguse. Alikigusa. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mchungaji nikimtazama mama akitabasamu kwa watu waliokuwa karibu kusoma kwamba aliunguza vitabu vya mwanawe akicheka, na nikaapa kimya kimya kwamba sitabadilisha hata nukta.

Nilisoma. Walionijua walidhani mwanzo ule wa sifa ndio uhakiki wenyewe, wakapiga makofi mapema. Nilipofika kwenye kiganja, mtu wa spika aliacha kuchezea vidude vyake. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mmoja mstaafu aliinua mkono, akapewa maikrofoni.

"Mwalimu, nimekusikia vizuri. Lakini sisi tushike gani? Huyo mama kwa kitabu alichoma ama hakuchoma?"

"Msimulizi anasema alichoma," nilimjibu. "Kitabu kinaonyesha alivitoa."

Mzee yule alitikisa kichwa polepole, akaketi. Ndugu yangu alikuwa akitazama viatu vyake. Mshereheshaji aliruka mbele akasema, "Aki hiyo ni critique kali! Mpatieni mwalimu makofi ya kilo!" Watu wakapiga kwa kumwonea huruma yeye, kisha wakaambiwa chakula kiko tayari na vitabu viko mezani, mwandishi atatia sahihi.

Nilibeba sahani yangu nikaenda kuketi kando ya mama. Nilidhani nitamkuta analia. Nilikuwa nimejiandaa kumshika bega. Alikuwa anakula pilau, na aliponitazama niliona kwamba amenikasirikia.

"Nani alikutuma?" aliniuliza. Alisema kwa lugha ya nyumbani, nami naandika hapa kwa Kiswahili.

"Hakuna aliyenituma, mama. Ameandika uongo juu yako."

"Alikuja kuniuliza. Alisema, mama, nataka kuandika juu ya ule moto, na siwezi kumweka baba. Nikamwambia aniweke mimi."

Nilimuuliza kwa nini, na sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mzazi wake.

"Baba yenu amelala pale shambani. Hawezi kujitetea. Mimi niko hai, niko na mdomo."

"Mbona basi hujitetei?"

"Kwa nani?" alisema. "Ndugu yako alikuwa jikoni. Wewe ulikuwa jikoni. Baba yenu alikuwa jikoni. Kuna mtu mwingine alikuwa pale nimweleze?"

Nitasema wazi nilivyojisikia: nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia ndugu yangu. Miaka yote ile alibeba maziwa ya uongo kwenye mkono wake ili mumewe aweze kusimama kanisani, na sasa alikuwa amekubali kubeba na moto wenyewe, ili mwanamume yule yule abaki safi kaburini. Na ndugu yangu alipoomba ruhusa alijua vizuri kwamba mama hajawahi kumnyima mtu kitu. Hiyo ni ruhusa gani?

"Mama," nilimwambia, "vitabu husomwa na watu ambao hawakuwa jikoni."

Alitaka kunijibu. Lakini hapo akafika mwanamke mmoja, mchangamfu, mkoba begani, ambaye ni dhahiri alikuwa amechelewa na hakusikia lolote nililosoma. Alikuwa na nakala mkononi, kidole kikiwa ndani yake, katikati ya kurasa. Lazima alikuwa akisoma kwenye foleni.

"Mathe! Wameniambia wewe ndio mama ya author," alisema, akamsalimia mama kwa mikono yote miwili. Kisha, kabla ya kuachilia, akaugeuza mkono wa mama akakitazama kiganja. "Kumbe ni ya ukweli! Si wewe ndio ulichoma vitabu? Lakini ona vile Mungu ni mwema, bado kijana amekuwa mwandishi."

Hakuwa na ubaya wowote. Alicheka kwa upendo, akambariki mama, akaenda kuchukua soda. Mama alibaki na mkono wake juu ya meza jinsi ulivyoachwa, umefunguka. Alitazama foleni iliyokuwa mbele ya ndugu yangu. Ilikuwa imefika mlangoni, watu wasiotujua, kila mmoja na nakala yake, wengine wameshaanza kusoma wakiwa wamesimama. Aliwatazama kwa muda.

"Hao wote?" aliuliza.

"Hao wote. Na wengine."

Aliisukuma sahani kando.

"Mwite ndugu yako."

Nilikwenda. Ndugu yangu aliponiona alisema bila kuinua kichwa, "Sista, tafadhali. Umenimaliza vya kutosha leo." Nilimwambia si mimi ninayemtaka. Alitazama alikokuwa mama, akafunika kalamu, akawaomba radhi waliokuwa kwenye foleni.

Mama hakumwambia aketi. Alichukua nakala iliyokuwa imelala mezani, akampa, akamwambia atafute ule ukurasa wa jikoni amsomee, kwa sauti, hapo alipo. Alisema aliruhusu na hakuwahi kusikia alichoruhusu. Watu wa meza za jirani waliacha kutafuna. Ndugu yangu aliupata ukurasa haraka, akaanza kusoma kwa Kiswahili chake kizuri, mvua, ghala, kabeji, mpaka mama alipoingia jikoni na vitabu, na hapo akakishusha kitabu.

"Endelea," mama akamwambia.